Kwa Mwanahawa, Anayekwenda Kushika Geti la Kichangani

Mwanangu Mwanahawa,

Wewe na mama yako mmekwenda mjini kutafuta viatu vya mpira, na nyumba imetulia. Nimekaa kuandika kwa sababu kila nikijaribu kukwambia jambo hili kwa mdomo tunagombana kabla sijafika katikati. Habari za chandarua, za dawa, za kula kwa wakati na za nani wa kumwamini jikoni, mama yako amezisema zote, na kesho atazirudia gari likiwa limeshawaka. Huko sina la kuongeza. Mimi nataka kukwambia habari za geti.

Kesho gari la hifadhi litakuchukua. Litashika njia ya Moa, litaacha lami, na mwisho litafika kwenye kile kizuizi cha chuma chenye rangi nyekundu na nyeupe. Askari atakiinua hata kabla dereva hajakanyaga breki, kwa kuwa ndani ya gari yumo mkuu mpya wa hifadhi, na atakupigia saluti. Nataka wakati kizuizi kinapanda ukumbuke kwamba baba yako aliwahi kusimama mahali hapo hapo na jeneza begani, na hakikupanda.

Mazishi ya Mzee Hatibu unayajua juujuu. Ulikuwa chuoni, ukisoma hayo hayo unayokwenda kuyafanyia kazi, na nilipokusimulia nilikupa nusu iliyonipendeza. Nusu ya pili nakupa leo. Hainipendezi, lakini ndiyo itakayokufaa.

Unajua kwamba Kichangani kilikuwa kijiji kabla hakijawa hifadhi. Ulikuwa bado unanyonya tulipohamishwa. Afisa mmoja, kijana wa maneno mazuri, alipanda juu ya meza ya shule ili watu wote wamwone, akasema tunaondoka kwa faida ya taifa, na akasema, nami nilikuwa pale nikimsikia kwa masikio yangu, "Makaburi yenu ni yenu. Mtazuru na mtazikana wakati wowote." Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyemwambia ashuke aandike. Mimi niliyekuwa mwalimu wa kijiji, niliyekuwa na kalamu mfukoni, nami nilipiga makofi. Tulikuwa watu wa kuamini neno la mtu aliyesimama mbele ya wazee. Tuliona kumwambia mgeni aandike ni kumwambia kwamba ni mwongo.

Afisa yule alihamishwa, akaja mwingine, na mwingine, na neno lake likaondoka naye. Kilichobaki ni utaratibu.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu huo utaratibu wako, maana wiki iliyopita, mezani, ulinitamkia neno hilo nikaacha wali sahanini nikatoka nje. Anayetaka kuzika Kichangani aandike maombi, ayapitishe ofisi ya kijiji, yaende ofisi ya hifadhi, asubiri jibu. Jumamosi na Jumapili ofisi haifanyi kazi. Mwanahawa, sisi maiti yetu haikai. Mtu akifa alfajiri, alasiri ameshasitiriwa. Basi mtu wa Kichangani anayetaka kulala karibu na wazazi wake inambidi aombe kibali akiwa hai, akiwa na nguvu za kushika kalamu, na aieleze ofisi siku anayokusudia kufa. Utaratibu huo aliutunga mtu msomi. Ana shahada. Huenda ana watoto wanaomwita baba. Sijui alikuwa akiwafikiria watu gani, lakini nina hakika hakuwa akiwafikiria watu wanaokufa.

Hatibu alikufa Ijumaa usiku. Alikuwa jirani wa babu yako, minazi yao ilipakana, na tangu tuhamishwe alikuwa akisema kwa kila anayemsikia kwamba atazikwa ubavuni mwa mama yake. Jumamosi baada ya adhuhuri tukambeba. Tulitoka kijiji kipya kwa miguu, wanaume wengi, kila mmoja akipokea bega kwa mwenzake kama ilivyo ada, hata tukafika getini. Askari akatuuliza kibali. Tukamwambia kibali ni huyu tuliyembeba. Akasema ofisi imefungwa, turudi Jumatatu.

Alikuwa kijana mwenye adabu, nalisema hilo kwa haki. Alitoka na benchi la kibandani mwake akatuambia tumpumzishe mzee hapo wakati anafikiri. Hakujua. Kwetu jeneza likishainuka kwenda kaburini halituliwi njiani. Hakuna aliyelikataa benchi lile kwa mdomo, ila hakuna aliyelisogelea. Ikawa tunasimama nalo. Waliochoka wanatoka chini yake, wengine wanaingia, nalo liko pale pale, juani, linazunguka mabegani mwa watu bila kwenda popote. Nimezika watu wengi, sijaona mazishi kama yale. Mtani wake Hatibu, Mbondei mmoja mwenye ulimi, akasema, "Maisha yake yote Hatibu alikuwa anachelewa. Leo amewahi, na bado amefungiwa mlango." Watu wakacheka huku machozi yakiwatoka.

Nami nikawaka.

Unanijua nikiwaka. Nilitoka chini ya jeneza nikamwendea askari nikamuuliza ni sheria gani, kifungu gani. Hakujua. Nikamwambia mimi najua, na nilikuwa najua kweli, nilikuwa nimezisoma sheria hizo kuliko waliompa bunduki. Nikamweleza kuhusu haki ya mila, kuhusu ahadi ya serikali, kuhusu wakoloni waliotukataza mambo mengi lakini makaburi hawakutukataza. Watu wakawa wanasema, "Mwambie, Mwalimu, mwambie." Kila walivyosema nikazidi kunoga. Kijana akawa anatazama viatu vyake. Nilimwuliza kama mama yake yuko hai, na atamzika wapi. Hapo akatoa redio yake akamwita mkubwa wake.

Sasa hii ndiyo nusu ambayo sikuiandika gazetini nilipoyaandika mazishi yale. Wakati mimi nahutubia, Sefu, mdogo wake Hatibu, alikuwa nyuma ya kibanda na askari wa pili, mtu mzima. Walikuwa wameshasalimiana, wameshaulizana watu wa nyumbani. Yule askari alikuwa amekwisha kumwambia Sefu kwamba maji yanakupwa, kwamba ufukweni hakuna geti, na kwamba yeye macho yake siku hizi hayaoni mbali. Walikuwa wamekubaliana. Ilibaki Sefu aje anong'oneze tugeuze njia. Lakini mkubwa akafika na gari, na mkubwa akishafika hakuna askari asiyeona mbali. Akasema hapiti mtu, si getini wala pwani, na akaweka mlinzi ufukweni.

Sefu alikuja mpaka niliposimama. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwalimu, umemshinda. Haya, tumzike wapi?"

Tulirudi naye. Mpemba mmoja aliyehamia kijiji kipya siku za karibuni kulima mpunga, ambaye hata Hatibu hakupata kuzungumza naye zaidi ya salamu, alitupa pembe ya shamba lake. Hatibu amelala huko, peke yake, katika shamba la mtu wa Pemba, na mama yake amelala Kichangani. Wiki ile niliandika makala ambayo watu waliikata wakaiweka. Nilieleza jinsi nilivyomnyamazisha askari kwa hoja. Kila neno lilikuwa la kweli. Mlinzi wa ufukweni hajaondolewa mpaka leo.

Sikuambii haya ili uniambie pole. Nakwambia kwa sababu wewe na mimi damu yetu ni moja, ingawa yako inachemka kimyakimya. Ulipochagua kusomea wanyamapori nilikucheka mbele ya wageni, nikasema binti yangu anakwenda kuwa askari wa fisi. Ulinyamaza, ukamimina chai, ukaenda ukasoma. Ulinishinda kwa kunyamaza, na nilichukua miaka mingi kujua kwamba nimeshindwa. Ila kunyamaza nako kuna hatari yake. Mimi nilipoteza kaburi la mtu kwa kusema sana. Katika ofisi unayoiendea wako watu wamepoteza ya wengi kwa kusaini bila kusema chochote.

Hilo ndilo lililoniondoa mezani wiki iliyopita, ukitaka kujua. Si neno utaratibu peke yake. Nilipokwambia habari za kibali, ulinijibu kwa upole wako ule, "Baba, wewe unaandika. Mimi nitasaini." Ulitaka kusema kwamba kuandika ni rahisi. Ni kweli. Lakini ulivyolisema lilinitisha, kwa sababu yule afisa wa juu ya meza naye alikuwa mpole.

Usinielewe vibaya. Sijasema na sitasema hifadhi ivunjwe. Nimewaandika watu wetu wenyewe waliolipua baruti baharini wakaua mpaka vifaranga vya samaki, nikatukanwa sokoni, mama yako akakosa wa kumuuzia nazi. Nimewaandika wakata mikoko. Ninajua pale ndani kuna nyati na tumbili na kasa wanaotaga mchangani, na kwamba kama kusingekuwa na geti kungekuwa na mkaa. Nilikwisha kukubali, tena kwa maandishi, kwamba msitu ule umekuwa mzuri kuliko tulipokuwa tukikaa ndani yake. Hiyo ni kweli chungu kwangu na nimeimeza. Lakini maiti hakati mti. Maiti havui. Maiti hana hata kivuli cha kuwatisha swala wenu. Kama hofu ni nyati, askari wafuatane na watu mpaka makaburini na warudi nao. Bunduki walizopewa ni za nini?

Na nyinyi mnaosema hapiti mtu bila kibali, mwaka jana nilifika ndani na wageni wa gazeti, nikaona mmefanya nini. Njia ya makaburini imefyekwa vizuri, imewekewa mawe pembeni. Kuna kibao. Kibao kinasema hapo ni makaburi ya watu wa kale. Wageni wanaletwa wakati wowote, Jumamosi na Jumapili ndizo wanazokuja kwa wingi, wanapigwa picha wameegemea ukuta wa kaburi la babu yako. Babu yako! Mtu aliyekuwa na redio ya mkulima, aliyekuwa akisikiliza mpira na kumtukana mlinda mlango wa timu yake. Na mjane wa huyo mtu wa kale yuko uani kwangu saa hii, anachambua mchele, anamlalamikia kuku.

Kwa hiyo utaratibu wenu nimeuelewa. Mgeni aliye hai anapita bila kuandika maombi. Mwenyewe aliyekufa ndiye anayerudishwa.

Sasa nimefika kwa bibi yako, ambaye ndiye hasa sababu ya barua hii, na nilikuwa nikimzunguka.

Unajua hali yake. Tangu mwezi wa Rajabu hatoki nje ya ua, na chakula anakigusa tu ili tusimseme. Anataka kuzikwa ubavuni mwa babu yako. Hajapata kulificha hilo. Tulipoletewa habari kwamba umepewa Kichangani, mama yako alipiga vigelegele, na bibi yako akasema, "Alhamdulillahi. Mke mwenzangu ndiye mwenye ufunguo wa nyumba ya mume wetu." Sote tulicheka. Wewe ulicheka kuliko wote. Mimi nilicheka, lakini moyoni nikasema, basi, limekwisha, mama yangu atazikwa Kichangani. Sikufikiri zaidi ya hapo. Miaka yote nimepiga kelele kuhusu haki za watu, na siku ufunguo ulipoingia nyumbani kwangu niliwaza mlango mmoja tu, wa mama yangu.

Juzi nikaingia chumbani kwake nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitakuandikia uandae kila kitu mapema, kibali kiwe tayari ofisini kwako, ili siku ikifika tusisimame getini. Nilidhani ananiombea dua, maana alifumba macho. Kumbe alikuwa akingoja nimalize.

"Usimwandikie hayo," akasema.

Nikamuuliza kwa nini.

"Hatibu mlimrudisha. Juu ya mabega yenu mlimrudisha, nami nilikuwa kijijini nikawaona mnavyorudi naye. Leo mie nipite kwa sababu geti ni la mjukuu wangu? Nikafike kule nimwambie nini mamake Hatibu? Yule tulitwanga naye."

Nikaanza kumweleza, unajua ninavyoeleza, kwamba yeye ni mtu mzima, kwamba haki haiharibiki kwa kuanzia na mtu mmoja, kwamba akipita yeye atawafungulia wengine. Aliniacha niseme mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wee ulizaliwa unasema. Mwambie mke mwenzangu afungulie mtu mwingine kwanza. Yeyote. Hata nisiyemjua. Akishapita huyo, na mie nipelekeni. Nisipowahi kuliona hilo, nitieni hapo kwa Mpemba karibu na Hatibu, tukae tunapiga soga."

Akageukia ukutani, mazungumzo yakawa yamekwisha.

Mwanahawa, nimesoma vitabu vingi, vingine nimevisoma mara nyingi mpaka vimeachana kurasa, na nimegombana na watu wenye majina makubwa. Sikumbuki nilipopata kunyamazishwa namna ile. Nimekaa na maneno yake siku mbili nikitafuta pa kuyapinga. Sijapaona.

Basi hiki ndicho ninachokutaka, na ni kinyume cha nilichokaa kukuandikia. Usimwandalie bibi yako kitu chochote. Ukifika, uliza ni akina nani wa Kichangani wamerudishwa getini, na Sefu atakuwa wa kwanza kukueleza. Mpe heshima yake, shikamoo yake, na umwache amalize. Mwite na yule askari wa benchi kama bado yupo. Mwambie baba yako anakiri kwamba hakuwa na haki ya kumwuliza kuhusu mama yake. Kisha kaa na wakubwa wako, hao wa utaratibu, uwaambie jambo moja kwa lugha yao: maiti ya mtu wa Kichangani ipite siku yoyote, saa yoyote, pamoja na askari wa kuwasindikiza watu, na iandikwe, isainiwe, ibandikwe pale kibandani ili mkuu atakayekuja baada yako asiweze kuondoka nayo. Watakwambia si rahisi. Watakwambia kuna hatua. Watakuuliza kama una maslahi binafsi katika suala hili, na hapo utaweza kuwatazama machoni, kwa sababu bibi yako amekuondolea hilo.

Una haraka, najua. Nawe unajua ni haraka gani, umemwona mkono wake ulivyo. Haraka hiyo usiizuie, itumie. Ila iwe haraka kwa ajili ya wote, na yeye awe katikati yao kama mtu mwingine.

Kama utamfungulia yeye peke yake, kwa mlango wa nyuma, usiku, kwa kuwa ni bibi yako na wewe ni mkuu, wiki hiyo hiyo nitakuandika gazetini. Nitaweka jina lako kamili, na jina hilo nilikupa mimi. Mama yako hatanisemesha mpaka nife, nami nitaandika. Hilo unalijua, huna haja ya kuniuliza kama natania.

Na kama siku itafika kabla hujaweza, tutambeba. Tutampeleka kwa Mpemba, hatutakuja getini. Sitaki kusimama pale tena na jeneza begani nikitafuta hoja, na aliye upande wa pili wa kizuizi awe wewe.

Nawasikia mnafika, mama yako anamgombeza mwenye bodaboda kuhusu mzigo. Nitaitia barua hii ndani ya kiatu kimoja cha mpira, ili uikute huko huko.

Bibi yako ameniuliza naandika nini muda wote huu. Nikamwambia namwandikia mke mwenzio. Akasema basi nikuandikie na salamu yake: kesho ukifika, kabla hujakaa ofisini, pita makaburini, ukibomoe kile kibao, umsalimie mume wenu. Mwambie mkewe bado yuko njiani.

Baba yako